Mkubwa Hajajibu

Visanduku vya ukoo mzima vilikuwa vikilia kwa pamoja, na hakuna aliyenyoosha kidole kuvinyamazisha. Kimoja kililia ndani ya mtumbwi, kingine kando ya sufuria ya samaki, kingine kiunoni mwa mama aliyekuwa akinyonyesha. Mtoto naye akalia.

Yannick alipenya kati ya wavuvi huku jasho likimtoka. Visanduku vile alivitengeneza yeye, ili familia za maporomokoni zionyane maji yanapopanda. Unabonyeza, unasema; sauti inakwenda posta, yaani kisanduku kikubwa kilichofungwa juu ya mlingoti, nayo posta inawagawia wengine wote. Asiyebonyeza kukiri kwamba amepokea, posta inamrudia, inamrudia tena, mpaka akiri.

"Hakuna neno litapotea," alijigamba siku alipokwenda kumposa Clothilde. Baba wa msichana, Papa Zéphirin, mkubwa wa ukoo, alisema ataiona kwanza kazi, kisha atajibu. Jibu lilikuwa la leo.

"Mufinye basi, tonton!" Yannick alimsihi Cyprien, mdogo wake Papa Zéphirin na ami yake Clothilde. "Mukifinya, itasema neno yake, kisha itanyamaza."

"Mbele ya mukubwa?" Cyprien alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue suruali sokoni. "Neno ya ukoo, mukubwa anasikia wa kwanza. Alors, tunamungoya. Na kama hizi vitu haziache kulia, tunazitupa mu maji. Na ndoa yako inazifwata."

Wote wakaitikia kwa vichwa, visanduku vikilia vifuani mwao. Kuwabonyezea yeye, mgeni kutoka Maniema, ingekuwa kuutukana ukoo mzima.

Alikimbia nyumbani kwa mzee. Mama Georgette, mke wa mzee, alikuwa ameketi mlangoni, vidole masikioni, kisanduku chake kikipiga kelele mapajani. Huko nyuma ya nyumba, jirani fulani alisikika akitwanga pondu, yale majani ya muhogo, kwa hasira, utadhani pondu imemkosea adabu.

"Papa iko wapi, mama?"

"Alitoka asubui, kisanduku ku shingo. Na ya kwake haikulia hata kidogo."

Haikulia! Yannick akapiga hesabu upesi. Basi betri imekufa. Mzee hatasikia, hatabonyeza, na ukoo mzima utamsubiri mpaka Yesu arudi. Clothilde alisimama ukutani akimtazama, machozi yakimlengalenga. Yannick alimpenda msichana yule kupita kiasi, na hofu ya kumkosa ikamtoa adabu.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," alijisemea. Akakinyakua kisanduku cha Mama Georgette, akabonyeza.

"Yesu Maria!" mama akaguta.

Kelele zikakatika. Ndani ya kisanduku ikatoka sauti ya Papa Zéphirin mwenyewe, ikihema:

"Iko miye. Mulango ya choo imekwama, niko ndani tangu asubui, napiga-piga mulango, munazani iko mutu anatwanga pondu. Mukuje na shoka, mbio! Lakini Yannick asikanyage huku: ndoa nimekwisha kuitika, iko mukwe yangu sasa, na mukwe hapashwi kunikuta mu choo."