Maji ya Mkanda

Mashua ilikwama saa nne asubuhi katikati ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara. Badawi, nahodha, alisukuma upondo mara tatu, kisha akautupa chini.

"Mai yamekupwa. Mpaka saa nane hatuna ndia."

Nerea alikuwa ameweka sikio kifuani kwa mtoto, ndani ya kanga. Siku sita tangu azaliwe kule Faza, siku mbili hanyonyi. Mumewe, askari polisi, alikuwa Kiwayu akiwasaka mashifta, na motaboti ya serikali wamekwenda nayo. Mtoto hajabatizwa. Padri yuko Lamu, waendako.

"Mwalimu Douglas," akasema. "Mbatize wewe."

Mzee Douglas alikuwa ameegemea mlingoti, macho mekundu. Miaka kumi na minne alikuwa katekista wa visiwa hivi, akiwafundisha dini askari, wake zao, makarani. Alichoka zamani, uchovu ule usiotoka kwa usingizi. Jina la Douglas alikuja nalo kutoka shamba la mkonge, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Kwenye Misa, wenzake wakienda kupokea Komunyo, yeye hubaki nyuma kunyamazisha watoto. Watu husema, mzee yule ni mnyenyekevu.

"Tungoje Padri."

"Mpaka saa nane?"

"Mkono wangu haufai, mama."

Nerea akamkazia macho. "Ulinifundisha mwenyewe. Mtu akiwa karibu kufa, yeyote aweza kumbatiza. Hata asiye Mkristo. Awe na maji, aseme maneno, na nia iwe ile ya Kanisa. Nimekosea?"

"Hujakosea."

Badawi akageuka. "Hata mimi?"

"Hata wewe, Bwana Badawi."

"Basi mimi simo. Nina yangu ya kutosha ya kujibu mbele ya Mola." Akacheka, kisha akamwona mtoto, akaacha. Akachota maji ya kunywa mtungini kwa kata, akamnyooshea mzee. "Shika. Au huyui maneno?"

"Nayajua."

"Basi wangoja nini, mzee mzima?"

Douglas hakuipokea.

"Ningembatiza mimi," Nerea akasema. "Lakini ulitukataza. Ulisema mzazi asimbatize mwanawe akiwapo mtu mwingine. Nawe upo, Mwalimu. Au hupo?"

Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

Mzee akaichukua kata.

"Jina?"

"Roselyn."

Akamimina mara tatu juu ya utosi, kidogo kidogo. "Roselyn, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Mtoto akapiga chafya.

Nerea akacheka na kulia pamoja, akaushika mkono wa mzee aubusu. Mzee akauvuta haraka, kama aliyeungua.

Kaa walitoka topeni wakaizunguka mashua. Jua lilipanda. Mtoto alikuwa akipumua, si vizuri, lakini akipumua. Badawi alitaka kumwaga yale maji yaliyobaki kwenye kata.

"Usimwage," mzee akasema. "Mshikie mama huyu mtoto, Bwana Badawi. Kidogo tu."

Badawi akampakata Roselyn bila kuuliza. Mzee Douglas akamtia Nerea ile kata mkononi, akavua kofia, akapiga magoti mbele yake juu ya mbao zilizolowa.

"Na mimi, mama," akasema. "Mimi bado."