Jembe la Mgeni kutoka Nyotani

Enzi zile wanyama walipokuwa bado wanalima, Komba mmoja alianguka kutoka nyotani. Alikuwa mdogo kama ngumi, ila nguvu zake zilitisha, na hakuna aliyejua dakika ijayo atafanya nini. Siku ya kwanza alipiga chafya, mlima ukahama. Siku ya pili alimgeuza Tembo kuwa wa buluu, eti rangi ya kijivu imemchosha.

Wanyama wakamlisha na kumsifu kwa hofu, Simba akiwa mbele yao. Kanga hakupenda. Alikuwa na mayai kiotoni, na mgeni alishaanza kuyatazama huku akicheka peke yake.

Siku ya tatu Kanga akamletea jembe.

"Una wazimu?" Simba akanong'ona kutoka kichakani. "Atatufanya majivu!"

"Kwetu mtu huwa mgeni siku mbili tu," Kanga akamwambia Komba. "Shika, mwanangu. Shamba lile pale."

Komba akaligeuzageuza jembe. "Huko kote nilikopita," akasema polepole, "hakuna aliyewahi kunipa kazi."

Akalima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Jioni akalala fofofo, mdomo wazi, na hakuna mlima uliohama. Alfajiri akapiga hodi: "Bibi Kanga, leo tunalima wapi?"

Kanga akacheka mpaka manyoya yakamsimama. Kisha akachukua jembe la pili, akaelekea kichakani, ambako Simba alikuwa bado amejilaza.

"Na wewe Simba, mwenzetu," akauliza, "kwani ulifika lini?"