Nyumba ya Pili

Milango ya vyumba hapa mjini humfungulia mwenye chumba tu, awe nje au ndani, kwa sauti yake. Inaendeshwa na maktaba huria ya programu, mkusanyo wa fanksheni, yaani vijiprogramu vya kazi moja moja, tunazoandika sisi wa kujitolea. Sheria tunayojivunia ni moja: fanksheni inayotumiwa na nyumba moja tu hufutwa.

Leo asubuhi niliidhinisha kufutwa kwa ile inayotambua sauti zinazotetemeka. Majaribio yote ya programu yalifaulu. Sikuuliza ni nyumba ipi.

Adhuhuri nikamsikia mama chumbani kwake.

"Raziki mwanangu, mlango haunijui."

Niliomba irudishwe. Wenzangu wakajibu upesi, kwa upole: "Pole, dada. Tuonyeshe nyumba ya pili."

Mama bado anabisha hodi kutoka ndani, na sauti inazidi kutetemeka.