Alama ya X Ukutani kwa Bi Mwanamkuu

Alama nyekundu ya X ilipojichora yenyewe ukutani, Bi Mwanamkuu hakulia. Nyumba yake ya mkopo wa serikali ilikuwa inatwaliwa kwa manufaa ya umma, na sheria ilisamehe nyumba ya aina moja tu: ile ambayo umma unaitumia tayari. Basi akabandika sufuria kubwa la pilau, akaita mtaa mzima.

Ukuta ukawa unawahesabu walaji. Alipoingia wa mia, X ikafutika. Vigelegele vikasikika mpaka mtaa wa pili.

“Tumewaweza, shoga!” jirani yake Tunu alipaza sauti.

Wageni walipoondoka, Bi Mwanamkuu akavuta mlango aufunge. Ukagoma.

“Samahani, mama,” mlango ukasema kwa upole. “Nyumba ya umma haifungwi.”

Barazani, mtu asiyemjua alikuwa tayari anavua viatu.