Kiwanja cha Nguchiro

Alikuwapo Nguchiro asiyejua kungoja. Siku aliyonunua kiwanja kilimani alirukaruka kwa furaha, akaalika majirani waje kuiona nyumba, ndipo akamwita fundi Mchwa.

"Tazama, fundi! Mafuriko hayafiki huku, na upepo ni mwanana!"

Mchwa aliinama akaionja ardhi, kama ilivyo desturi ya mafundi wa kwao. Meno yakalia ko!

"Bwana, huu ni mwamba. Mimi hujenga kwa udongo ninaoutafuna. Ungeniita kabla ya kununua, tungekuja kuonja pamoja."

"Basi tafuna polepole!"

Mchwa akashuka zake. Njiani alipishana na majirani wakipanda kwa vigelegele, wamebeba mikeka ya zawadi.

"Hodi, mwenye nyumba!"

"Karibuni ndani!" akaitikia Nguchiro, akageuka kufungua mlango, akakuta mwamba.