Seli za Kisahani cha Pili

Katika maabara ya chuo, Gikunda aliweka jicho kwenye hadubini ya binti yake na kusahau kupumua. Seli za ini zilizokuwa kwenye kisahani cha kwanza zilikuwa zimejikunja kama majani ya viazi yaliyochomwa na baridi.

"Hizo tulizipa sumu, Baba," binti akamweleza. "Sasa angalia hizi. Zimepewa sumu ile ile, lakini kwanza tulizipa protini ya kukuza seli."

Za kisahani cha pili zilikuwa zimenona, zimebanana bega kwa bega kama kwaya siku ya mavuno.

Gikunda alijisikia kama aliyezitengeneza yeye mwenyewe. "Na hiyo sumu inaitwa nini?"

Binti alipoitaja, Gikunda alilitambua jina. Ilikuwa dawa aliyoipulizia nyanya zake kule Timau juzi. Kopo lilisema asivune kabla ya siku saba, lakini leo asubuhi alichuma kreti nzima akaileta Nyeri, akamkabidhi profesa wa binti yake kwa hotuba ndefu ya shukrani.

Akageuka. Profesa alikuwa amesimama mlangoni, maji ya nyanya yakimtiririka kwenye ndevu na mbegu moja ikiwa imemganda kidevuni.

"Mzee, hizi ni tamu kweli," alisema. "Hii ni ya nne."

Gikunda alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Profesa, ya tano usikule," alisema polepole. "Na hiyo protini ya maini… iko ya kunywa?"