Simu Yenye Picha

"Ni runinga tu hiyo, Nay," Rodel alimwambia mama yake, kisha simu ikakatika.

Eufemia alibaki ameishikilia sikioni. Runinga hailii hivyo. Aliyemsikia nyuma ya mwanawe alikuwa mtu, kijana, akiomba aachwe, tena akiomba kwa lugha ya kwao.

Kahawa yake ilipoa mezani. Alivuka uchochoro mbiombio hadi kwa Zenaida, ambaye mumewe ni baharia na ambaye, katika mtaa wao pale Miagao, ndiye anayezijua huduma za kupiga simu kwa intaneti kama anavyozijua sufuria zake.

"Inday, mdogo wangu, nataka nimpigie Rodel mimi mwenyewe," alisema. "Nichagulie inayofaa."

Zenaida alimtazama usoni, akamvutia kiti.

Rodel aliondoka baada ya mavuno kwenda Thailand, kwenye kazi ya ofisini, ya kiyoyozi. Mwanzoni alipiga kila Jumapili na kumwonyesha mama yake hata chakula kilichokuwa kwenye sahani. Halafu picha zikakoma. Akawa anapiga sauti tupu, kwa namba zisizoonekana, maneno mawili matatu ya haraka. Asiulizwe yuko wapi. Asitajwe kwa majirani. Redioni walikuwa wakieleza habari za vijana wanaovushwa mto hadi kwenye majengo yenye kuta ndefu na nyaya za miba, wakalazimishwa kutapeli watu kwa simu, na anayekataa anapigwa kwa fimbo ya umeme. Tangu aliposikia hayo, Eufemia alikuwa akizima redio mara tu taarifa ya habari inapoanza.

"Lakini Manang, dada yangu, si majuzi tu alikutumia friji?" Zenaida aliuliza. "Mtu aliyefungiwa atanunuaje friji?"

"Wanawaachia watume vitu ili sisi huku tusishtuke. Nilimuuliza kama wanamgusa. Akacheka. Akasema, 'Nay, hapa hakuna wa kunigusa.' Inday, kile hakikuwa kicheko cha Rodel."

Zenaida alichukua simu yake, akaanza kupitisha kidole kwenye kioo.

"Hii ni rahisi kuliko soda. Unapiga namba yoyote, nchi yoyote. Ila inakatika ovyo, utajikuta unazungumza na upepo."

"Na hiyo nyingine?"

"Hii sauti yake ni safi kabisa. Tatizo lake, mwenye mtandao kule akitaka anaweza kusikiliza."

"Hapana!" Eufemia alishika mkono wa mwenzake. "Hiyo hapana."

"Basi chukua hii. Hakuna anayeweza kutega sikio katikati, na ina picha. Ndiyo niliyomnasia mume wangu kule Rotterdam. Ananiambia yuko zamu kwenye injini, kumbe yuko baa, miwani ya jua usoni!" Alicheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza. "Ila lazima Rodel naye awe nayo."

Safari hii Rodel alipopiga, namba yake ilikuwa imeonekana. Labda alisahau kuificha. Zenaida aliiingiza. Kiduara kilizunguka kwenye kioo, kikasita, kisha ikaja picha ndogo ya Rodel amevaa shati jeupe, mashavu yamejaa kidogo.

"Anayo," Zenaida alisema.

Eufemia aliifunika simu kwa kiganja. "Na kama simu imeshikwa na wao? Wakijua mama yake anamtafuta, si watammaliza?"

"Ndiyo maana hutasema kitu. Usitaje jina, usiseme haloo. Kaa kimya mpaka uuone uso wake. Ukiona mtu mwingine, kata. Umenisikia, Manang? Kata papo hapo."

"Nimekusikia."

"Na asipopokea, usirudie."

Zenaida alibonyeza. Simu iliita. Iliita muda mrefu kiasi kwamba Eufemia alianza kuomba isipokelewe. Nje, muuza mkate alipita akipiga honi yake, na wote wawili wakaruka.

Picha ikafunguka.

Hakuwa Rodel. Alikuwa msichana mwenye mdomo uliovimba upande mmoja, ameinama chini ya meza, simu ameisogeza mno usoni. Kando yake ilionekana miguu ya watu waliokaa safu kwa safu, wengi wao peku.

"Haloo?" alinong'ona kwa lugha ya Manila. "Nani wewe? Tafadhali, nani wewe?"

Zenaida alinyoosha kidole kukata. Eufemia aliusukuma mkono wake.

"Binti yangu, mimi ni mama. Namtafuta mwanangu. Yuko hai? Wamempiga?"

"Yuko hapa? Anaitwa nani?" Macho ya msichana yaliwaka. "Nitajie jina, Nanay, nitamwambia. Haraka. Hii simu si yangu, mwenyewe katoka kidogo, kaiacha mezani. Mwanao anaitwa nani?"

"Rodel."

Msichana alimkodolea macho, kisha akaiondoa simu usoni kana kwamba imemchoma.

"Nanay, nisamehe," alisema, na sasa alikuwa akilia bila sauti. "Nilidhani ni mtu wa kutusaidia. Usimwambie kwamba nimepokea. Nakupigia magoti, usimwambie."

Mlango ulifunguliwa mahali fulani juu yake. Ile miguu yote ikakusanyika chini ya viti kwa pamoja.

"Haya," sauti ya Rodel ikauliza taratibu, "nani kagusa simu yangu?"